Maswali Tisa Yaliyoingia Bila Jina

Inatangazwa kwa waombaji wote wa masomo ya juu, kwa wazazi wao, mashangazi zao na majirani zao wanaouliza-uliza, kwamba Kurugenzi ya Udahili haijawahi kuchelewesha jibu hata siku moja. Jibu halicheleweshwi. Jibu linaivishwa. Anayelitaka kabla halijaiva anataka limuumize tumbo, na Kurugenzi inajali matumbo ya wananchi.

Tangazo hili nalitoa mimi, Mkuu wa Masjala mstaafu, kwa mamlaka niliyokuwa nayo kwa miaka thelathini na moja, ambayo hakuna aliyekuja kuyachukua siku nilipoondoka. Waliniaga kwa saa ya ukutani na hotuba ndefu, wakasahau kuniambia niache kutangaza.

Kwa asiyejua, masjala ni chumba ambacho kila karatasi inayoingia ofisini lazima ipitie, ipigwe muhuri, ipewe namba na itiwe kwenye jalada lake. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya chini. Kilikuwa na rafu za chuma hadi darini, feni iliyozunguka ilipojisikia, na dirisha namba tatu la kuhudumia watu. Dirisha la kwanza na la pili hayakuwepo. Yalikuwa kwenye mpango. Kitundu cha kuongelea kilitobolewa chini kidogo, hivyo mwananchi alilazimika kuinama. Haikuwa dharau. Wataalamu walipima urefu wa wastani wa mwananchi, ila walimpima akiwa tayari ameshainama.

Sasa nieleze habari ya falsafa, maana maneno mengi yamesemwa mitaani na mengine ni ya kweli.

Idara ya Falsafa ilikuwa na nafasi moja tu ya shahada ya uzamili kila mwaka. Moja. Walioiomba mwaka ule walikuwa sitini na wawili. Kila mwombaji alijaza fomu, akaambatanisha vyeti, barua za walimu wake na kitu kinachoitwa sampuli ya maandishi, yaani insha ndefu ya kuonyesha kwamba anajua kufikiri na si kusema tu kwamba anapenda kufikiri. Sampuli hiyo ilikatazwa kuwa na jina wala sahihi, ili maprofesa wanaoisoma wasijue ni ya mtoto wa nani. Utaratibu mzuri kabisa. Na mwombaji alikuwa na haki ya kukataliwa mara nne. Baada ya hapo haki yake ilikuwa imekwisha, haombi tena maisha yake yote.

Jina likiwa kwenye fomu na sampuli ikiwa haina jina, kilichoziunganisha ni kibanio cha chuma. Na hapo ndipo nilipoingia mimi. Tulikuwa na waraka wa zamani, wa enzi za mkurugenzi wa tatu kabla ya yule wa mwaka ule, uliosema vibanio vyote vya chuma viondolewe karatasi zinapoingia, kwa sababu kutu hula karatasi. Nilivitoa. Niliviweka kwenye makopo, makopo yakajaa, nikahamia kwenye magunia. Hadi mwaka ule tulikuwa na magunia matatu ya vibanio, yote katika hali nzuri, yakingoja maelekezo.

Basi asubuhi moja nikakuta mezani kwangu karatasi kumi na mbili zilizopigwa chapa vizuri. Zina aya zenye namba. Hazina jina, hazina sahihi, hazina fomu karibu. Na zinauliza maswali.

Nilitumia akili ya kazi. Katika miaka yote niliyofungua barua, mtu wa kawaida huandika jina lake. Mwombaji huliandika mara tatu na kulipigia mstari. Mwenye malalamiko huliandika kwa herufi kubwa na kuongeza jina la babu yake. Anayeandika bila kujitaja ni mmoja tu: yule wa juu kabisa, ambaye hana haja ya kusema yeye ni nani. Nikazitia karatasi zile kwenye jalada jekundu na kupanda nazo ghorofa ya tatu, chumba namba moja.

Mkurugenzi wa Udahili alikuwa mtu wa kola ngumu na sauti ya kikao hata akiagiza chai. Ofisini tulimwita Bwana Tutaangalia, maana ndilo jibu alilolitoa kwa jambo lolote, hata ulipomwambia nyumba inaungua. Alipoliona jalada jekundu aliweka kikombe chini.

"Umetoka wapi waraka huu?"

"Hausemi, Mheshimiwa."

"Umesainiwa na nani?"

"Haukusainiwa."

Akakaa. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, maana huwezi kujua. "Soma."

Nikasoma. "Swali la kwanza. Tunaambiwa jibu liko njiani. Je, kwa sasa hivi liko sehemu gani ya njia?"

"Wametujua," akasema.

"Swali la tatu. Mtu akiondoka na koti lake likabaki kwenye kiti, je, ni nani aliyeko kazini?"

Mkurugenzi alikitazama kiti chake, akalitazama koti la pili ambalo huwa linakaa pale Jumatano na Ijumaa anapokuwa shambani. "Nani kawapelekea habari za koti?"

"Sijui, Mheshimiwa. Swali la sita. Ikiwa hakuna anayekumbuka sababu ya utaratibu, je, anayeufuata yuko macho au amelala?"

"Hapo wanamsema Mwanasheria wetu," akasema, na uso ukapata nafuu kidogo.

"Swali la tisa. Ni haki gani inayompa mtu mmoja uwezo wa kumfanya mwenzake asubiri?"

Hapo akaisogeza chai pembeni. "Wametupa muda gani?"

"Hawakusema."

"Wasiposema maana yake ni sasa hivi. Waite wote."

Ndivyo kilivyozaliwa Kikosi Kazi cha Kujibu Maswali Tisa, wajumbe kumi na mmoja, na kikaketi wiki sita. Wanaosema kikosi kile hakikufanya kazi wanakosa shukrani. Kwa swali la kwanza, wajumbe wanne walitumwa kulitafuta jibu lililoko njiani. Walianzia chumba cha chapa, wakapita korido zote, na kwa kweli waliyapata majibu mengi nyuma ya kabati, mengine ya watu walioshakuwa na wajukuu. Kwa swali la tatu, koti lenyewe liliitwa mbele ya kikosi na kuwekwa kwenye kiti cha shahidi. Halikukana lolote. Kwa swali la sita, iliamuliwa kwa kura kwamba tuko macho. Kura saba kwa mbili. Wajumbe wawili hawakupiga kura kwa kuwa walikuwa wamesinzia.

Wakati hayo yakiendelea huko juu, kila Jumanne nilikuwa na wageni wangu huku chini.

Ng'ambo ya lango letu kulikuwa na duka la dobi. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwenye mikono ya nguvu na ulimi wa nguvu zaidi, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi kwa sababu ya binti wa kaka yake aliyemlea. Binti huyo alikuwa na shahada ya kwanza, na alipiga pasi dukani pale akingoja ya pili. Tangu alipoanza kusema alikuwa anauliza, hata jina lake likasahaulika akabaki kuitwa Kwanini. Walikuwa wakija pamoja, Shangazi mbele.

"Shikamoo mzee," Kwanini akasema kupitia kitundu.

"Marahaba binti. Namba?"

"Mia mbili na kumi na saba. Ile ile ya wiki iliyopita."

Nikafungua jalada. "Fomu ipo. Vyeti vipo. Barua za walimu wako zipo, wamekusifu mpaka mimi nikaona haya. Sampuli ya maandishi haipo."

"Niliileta pamoja na fomu, mzee. Nilizibana."

"Vibanio tunavitoa."

"Halafu karatasi zinakwenda wapi?"

"Kila moja inakwenda inakostahili."

Shangazi akamsukuma pembeni, akainama mwenyewe. "Mzee mwenzangu, sikiliza. Huyu mtoto ameomba mara nne. Ya kwanza mlimkataa kwa sababu kwenye picha anatabasamu. Ya pili mkamkataa kwa sababu hatabasamu. Ya tatu mkamwandikia hongera, halafu mkaja dukani mbio kuichukua barua, eti mmekosea bahasha. Hii ndiyo ya nne. Mkimkosesha hii, nitafanya naye nini?"

"Si ana kazi?"

"Kazi gani? Mimi sijui hiyo falsafa yenu inafua nini, lakini akiikosa ataniunguzia nguo za watu. Juzi kalaza pasi juu ya shati la mteja, kasimama anawaza. Namuuliza unawaza nini wewe, moshi huo! Ananiambia shangazi, shati likibadilishwa kola, halafu mikono, halafu mgongo, bado ni shati lile lile? Nikamwambia kwanza shati hilo sasa ni tambara la deki, na pili mwenyewe yuko njiani anakuja kulichukua."

"Lakini swali lilikuwa zuri," Kwanini akasema kwa chini.

"Zuri! Kamwambie mwenye shati."

Niliwaeleza hali ilivyo, maana Kurugenzi haifichi. Maprofesa wasomaji wanakaa Ijumaa ya tarehe ishirini na nane. Jalada pungufu halisomwi. Jalada lisilosomwa linahesabiwa kuwa limekataliwa. Likikataliwa, hiyo ni ya nne.

"Niiandike upya?" akauliza Kwanini. "Naikumbuka yote."

"Sampuli ya pili ni udanganyifu. Kanuni ya ishirini na mbili."

"Hata kama ya kwanza mmeipoteza nyinyi?"

"Kurugenzi haipotezi. Inahifadhi mahali pasipojulikana."

Binti hakukasirika. Ndilo lililonisumbua. Aliinama vizuri pale kwenye kitundu, akanitazama kama ananihurumia, akasema, "Basi nisaidie kutafuta, mzee wangu. Ni kurasa kumi na mbili. Aya zina namba. Inahusu kusubiri. Kwenye swali la tatu nimeuliza, mtu akiondoka na koti lake likabaki kwenye kiti..."

Nilishusha pazia. Nilisema ni saa ya chai. Ilikuwa saa tatu kasorobo, lakini chai ina mamlaka yake.

Nyuma ya pazia nikamsikia Shangazi. "Umeona? Wote wamepatwa na kitu humo ndani. Hata huyo bosi wao, kola zake siku hizi zinaniletea jasho la ajabu. Si jasho la jua. Ni jasho la mtu anayewaza. Kama si homa basi naye anataka kusoma falsafa."

Naomba msomaji anielewe. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu. Kupeleka karatasi kwenye jalada lisilo lake ni kosa la kufukuzwa kazi, na mimi nilikuwa nimeipeleka mpaka ghorofa ya tatu. Hata hivyo nilipanda ngazi. Nilimkuta Mkurugenzi katikati ya mafaili, macho mekundu, ameshika penseli kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, kuhusu ule waraka wa maswali. Nina wasiwasi kwamba hautoki juu."

"Unatoka wapi?"

"Chini."

"Chini wapi, mzee?"

"Dirishani. Nadhani ni sampuli ya mwombaji. Yule binti wa dobi anayenyoosha mashati yako."

Alicheka, na nilifurahi kumwona anacheka baada ya wiki tano. Kisha akaacha. "Mzee, umefanya kazi muda mrefu, nakuheshimu. Lakini fikiri. Dirishani hakutoki maswali. Dirishani yanatoka maombi. Mimi na wasomi kumi tumekaa hapa wiki tano hatujalimaliza swali la tisa. Sasa wewe unaniambia limeulizwa na mtu ameshika pasi?"

"Ndivyo inavyoelekea, Mheshimiwa."

"Haiwezekani."

"Naomba basi karatasi zile nizilinganishe tu."

"Ziko kwenye sefu. Tutaangalia."

Nikashuka. Niliusema ukweli kwa sauti ya kusikika, mbele ya mwenye mamlaka, katika saa za kazi. Kama haukupokelewa, hilo si suala la masjala.

Alhamisi ya tarehe ishirini na saba, saa tisa alasiri, Mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi masjala. Hakuwahi kushuka huko tangu siku alipokuja kuikagua feni. Alibeba rundo la karatasi kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Majibu ya maswali tisa: kurasa arobaini na tatu, na mwishoni Kiambatisho A, yaani maswali yenyewe kama yalivyoingia, kurasa kumi na mbili, kwa ajili ya rejea. Vyote vimeshikwa na kibanio kimoja kikubwa.

"Peleka," akasema.

Nikatazama mwisho. "Hakuna sahihi, Mheshimiwa."

"Mwanasheria ameshauri. Aliyeuliza hakujitaja. Tukijitaja sisi, itaonekana tuna la kuogopa."

Baadaye nilisikia kwamba wajumbe kumi na mmoja walipitishiana kalamu saa nzima, kila mmoja akimpa mwenzake heshima ya kutangulia.

"Nipeleke kwa nani?"

"Kwa wanaohusika."

"Ni akina nani?"

"Wanajijua," akasema, akapanda ngazi haraka kuliko alivyoshuka.

Wapo watakaosema nilifanya hila. Sikufanya hila. Nilifanya kazi. Kwanza nilitoa kibanio, kama waraka wa kutu unavyoagiza. Karatasi zikawa mafungu mawili. Kisha nikafungua Mwongozo wa Masjala, kifungu cha hamsini na moja, kinachosema wazi kwamba maandishi yasiyo na jina wala sahihi hupelekwa sehemu moja tu: kwa maprofesa wasomaji. Hakuna sehemu nyingine. Nimekisoma kifungu kile mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Fungu la kurasa kumi na mbili nililitia kwenye jalada namba mia mbili na kumi na saba, ambalo lilikuwa linalilia sampuli yake. Fungu la kurasa arobaini na tatu halikuwa na jalada, na karatasi bila jalada ni yatima. Nikalifungulia jalada jipya, namba mia mbili na sitini na tatu. Fomu nikaijaza kwa ukweli nilioujua. Mahali anapopatikana mwombaji: ghorofa ya tatu, chumba namba moja. Uzoefu wa kazi: miaka tisa. Aina ya kazi: kusubirisha. Sehemu ya jina niliiacha wazi, maana hakunipa ruhusa.

Ijumaa maprofesa wakakaa, nami nikiwa pembeni kama mtunza majalada, nikiwa nimekatazwa kupumua kwa nguvu. Walikuwa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mwembamba mwenye penseli sikioni, tuliyemwita Profesa Hebu, kwa kuwa sentensi zake zote zilianzia hapo. Walisoma tangu asubuhi. Sampuli nyingi waliziweka upande wa kushoto bila neno. Walipofika mia mbili na kumi na saba, Profesa Hebu aliisoma kurasa zote kumi na mbili, akarudi ya kwanza, akasoma tena. Nilikuwa nimeshika kalenda yangu ya kustaafu mfukoni, nikaikunja bila kujua.

"Hebu semeni," akasema hatimaye.

"Huyu anauliza," akasema wa pili.

"Na hajifanyi kujua," akasema wa tatu. "Wengine wote wametuletea majibu tusiyoyauliza."

Wakaandika: nafasi apewe huyu. Nikapumua, nikakaripiwa.

Kisha wakafungua mia mbili na sitini na tatu. Nilidhani wangeipita. Ilichukua saa nzima, na katikati Profesa Hebu alilazimika kutoka nje kunywa maji.

"Hebu sikilizeni hapa. 'Koti husika liliripoti kazini saa moja na nusu, na mahudhurio yake kwa mwaka ni asilimia tisini na nane, hivyo kuwapita watumishi wengi wenye mwili.' Hebu niambieni, anatania?"

"Hatanii," akasema wa pili baada ya kupekua. "Ameweka jedwali."

"Hebu na hili. 'Haki ya kumfanya mtu asubiri imo ndani ya kanuni, na kanuni iko njiani.'"

Walitazamana. Wa tatu alikuwa na roho nzuri, akasema labda mwombaji ni kijana sana. Wakaandika maoni yao, na kwa kuwa Kurugenzi ni ya uwazi, nayanukuu: "Mwandishi anaonyesha hofu ya kufikiri ambayo bado inatibika. Amejibu maswali makubwa kana kwamba ameshtakiwa. Hafai kwa mwaka huu. Tunamshauri apumzike, asome kidogo, ajaribu tena."

Jumatatu barua sitini na tatu zilipanda kwa Mkurugenzi kutiwa sahihi. Hapa lazima nimsifu: hakuna aliyesaini kwa kasi kama yake. Alipanga barua kama karata, zikionyesha miguu tu, mahali pa sahihi, akasaini huku anaongea kwenye simu kuhusu mbolea. Dakika sita. Ya hongera moja, za pole sitini na mbili. Nikazigawa kama anuani zilivyosema, na moja ilipanda ngazi kurudi ilikotoka.

Jumanne, Kwanini na Shangazi walikuwa wa kwanza dirishani. Nilipitisha bahasha kwenye kitundu. Binti aliishika hakuifungua.

"Fungua basi," Shangazi akasema.

"Ngoja kidogo. Kwa sasa hivi bado sijakataliwa."

"Lete hapa!" Shangazi akaichana, akasoma. Akaigeuza akatazama nyuma, maana alituzoea. Akasoma tena. "Mzee, bahasha hii ndiyo yenyewe? Hamtakuja kuichukua?"

"Ndiyo yenyewe."

"Apa."

"Naapa kwa muhuri."

Shangazi alimkumbatia binti yule kwa mikono yake ya kufulia hadi nikasikia mgongo unalia. Kwanini akawa anacheka na kujifuta macho kwa ukingo wa barua, akanishukuru mimi, akaishukuru feni, akalishukuru dirisha. Shangazi akaanza kunieleza kwamba sasa itabidi atafute mtu mwingine wa pasi, na safari hii atamchukua asiye na mawazo kabisa, kama ninaye mmoja hapo ofisini.

Ndipo Mkurugenzi akashuka. Alikuja kwa upande wa wananchi, upande ambao hakuwahi kufika, na kwa hiyo waliokuwa kwenye foleni hawakumjua, wakamwambia asiwapite. Alipita. Aliinama kwenye kitundu, na niseme ukweli, ilimpa shida, hakuwa na mazoezi.

"Mzee. Nani kanikataa?"

"Barua ina sahihi, Mheshimiwa. Itazame."

Akaitazama. Aliijua mara moja, akaiangalia kama mtu anavyomwangalia ndugu yake aliyemtolea ushahidi mahakamani. "Hii ni yangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sikuomba chochote mimi!"

"Kurasa arobaini na tatu, Mheshimiwa."

Nikaona linamwingia taratibu, kuanzia masikio. "Naweza kukata rufaa?"

"Ni haki yako. Rufaa huenda kwa Mkurugenzi, naye hujibu ndani ya siku tisini."

"Siku tisini! Mtu atakaa siku tisini hajui hatima yake?"

"Ndivyo wanavyosema wote."

Shangazi alikuwa ameshamzunguka anamtazama shingoni. "Kumbe ndiye huyu mwenye kola! Baba, pole. Nilisema mimi, lile jasho si la bure."

Hapakuwa na njia nyingine tena. Nikasema, "Mheshimiwa, na huyu binti ndiye aliyeuliza."

Nilianza kuhesabu kwa macho vitu vyangu vya kuondoka navyo: kikombe, rula, mto wa kiti. Mkurugenzi akageuka. Alimtazama Kwanini muda mrefu, mikono yake yenye alama za pasi, barua yake iliyolowa. Foleni nzima ikasogea mbele bila kujua inasogelea nini.

"Wewe?"

"Ndiyo, mzee. Samahani, sikujua kama zilikufikia."

"Wiki sita nimekosa usingizi. Mke wangu ananiuliza nina nini, namjibu nina maswali tisa." Akateremsha sauti ile ya kikao mpaka ikawa sauti ya mtu. "Basi niambie. Lile la mwisho. Jibu lake ni lipi?"

"Sijui," akasema Kwanini.

"Hujui?"

"Ningelijua, ningeomba nafasi ya nini?"

Mkurugenzi alifungua kinywa. Nilijua kitakachotoka, tulikuwa tumekisikia miaka tisa. Hakikutoka. Alisimama pale ameshika barua yake ya pole, anawaza mbele za watu, bila jalada, bila mjumbe hata mmoja. Kisha akainama tena kwenye kitundu, safari hii vizuri zaidi.

"Mzee wangu," akasema, "fomu za mwakani zinatoka lini?"

Nikamwambia wenye maswali ya fomu wanapanga foleni. Akaenda nyuma kabisa, akasimama nyuma ya fundi bomba mmoja aliyekuwa anaomba nafasi ya hisabati. Fundi akamsogelea, akamuuliza kama wanavyoulizana wote pale, yeye ni mara yake ya ngapi.

"Ya kwanza," akasema Mkurugenzi, na alivyoinyoosha shingo, ungedhani amepandishwa cheo.